Uso wa Mukhwana na Sindano za Phelista

Mukhwana wa Bumula hajawahi kumchapa mtoto wa mtu. Kosa lake ni uso. Nyusi zimekutana katikati, kovu la panga limeteremka shavuni, na akicheka utadhani anaumwa na jino. Binti yake Peris, aliyeolewa Kitale, kila akija kumsalimu na Nasike wa miaka minne, mtoto hujificha nyuma ya sketi ya mamake. Hamu ya babu ni moja tu: kumpakata mjukuu wake.

Kampeni ya chanjo ilipofika, Mukhwana, mhudumu wa afya wa kujitolea, alipangwa kufanya kazi pamoja na nesi Phelista. Yeye alipaka wino kwenye kidole cha mtoto aliyekwisha kuchanjwa. Phelista, mwenye vishimo mashavuni na sauti tamu, ndiye aliyedunga. Watoto walimkimbilia Phelista, wakadungwa, wakalia, kisha wakamnyooshea kidole Mukhwana kwamba ndiye mbaya. Akina mama wakakubali, ati mtoto huuona moyo wa mtu. Mimi niliyekuwa nikisimamia foleni nilikereka. Nilitaka kuwacheka, nikakumbuka mabango ya wagombea tuliowapigia kura, na meno yao meupe.

Siku ya tatu Peris, aliyekuwa amekuja likizo, akamleta Nasike. Sindano zilikuwa mbili, moja kila mkono. Ya kwanza ilipoingia, mtoto alipiga yowe, akamkagua Phelista kwa mashaka. Akarudi kinyumenyume hadi akayagusa magoti ya babu yake, akayashika. Hakukimbia. Akainua macho na kumwangalia usoni.

"Kuka, babu, nani amenidunga?"

Mukhwana angesema ukweli tu, mjukuu angekuwa wake. Lakini sindano ya pili ilikuwa tayari, na mikono ile midogo ilikuwa imeng'ang'ania suruali yake. Nilimwonea uchungu.

"Ni mimi," akasema. "Na ukikaa hapa nitakudunga tena."

Nasike aliruka hadi mapajani mwa Phelista, akamkumbatia shingo, na sindano ya pili ikaingia bila vurugu. Peris alikuja akamchukua mwanawe, amekasirika.

"Baba, si ndiyo maana mtoto hakupendi?"

Mukhwana aliita jina lililofuata.