Uma Sita za Papa

Miaka ya hamsini, Kisangani ikiitwa bado Stanleyville, Papa, baba yetu, alikuwa karani katika duka la Mgiriki mmoja, na alitaka jambo moja tu: kadi ya évolué, ambayo Wabelgiji walimpa Mwafrika waliyemwona amestaarabika. Kabla ya kuitoa, wakaguzi walikuja nyumbani kutazama mnavyokula, mke naye awe mezani. Basi Papa akanunua uma sita.

"Bon! Toka leo, hakuna mutu atakula tena na mukono!"

Mama alijaribu siku mbili. Siku ya tatu tonge la fufu, ugali wetu wa muhogo, liliteleza kwenye uma wake, likatua juu ya tai ya Papa. Sisi watoto tulicheka, Papa akafoka, Mama akabeba sahani yake jikoni.

"Mukono yangu iko na ugonjwa gani?" aliuliza. Alikula huko peke yake mwezi mzima, na mimi niliona uchungu kila nilipotazama kiti chake.

Ndipo Mgiriki akatualika sote. Alikuwa ameishi Uhabeshi, akaoa huko. Papa, aliyehitaji barua ya tajiri wake ya kumpendekeza apewe kadi, alitukaririsha adabu njia nzima: kwanza kabisa, kunjua serviette, kile kitambaa cha mezani, ilaze magotini.

Mezani hapakuwa na uma hata mmoja. Palikuwa na sinia kubwa la mchuzi mwekundu wa kuku, na kando yake vitambaa laini vya kijivu, vimekunjwa vizuri. Papa akakunjua kimoja, akakilaza juu ya suruali yake nyeupe. Kilikuwa na unyevu. Alishtuka kidogo, kisha akakinyoosha vizuri zaidi.

Mke wa Mgiriki akachana kitambaa chake, akachota nacho mchuzi, akala. Ilikuwa injera, mkate wa kwao.

"Papa ya batoto," Mama alisema, machozi ya kicheko yakimtoka, "uko navaa chakula!"

Kisha akala kwa mkono wake, kwa raha zake. Mke wa Mgiriki akamlisha Mama tonge mdomoni, maana ndiyo heshima ya kwao. Mama naye akafunga tonge, akamnyooshea Papa mbele ya tajiri. Papa alimtazama tajiri, akautazama ule mkono. Akafungua mdomo.

Barua aliipata. Lakini wakaguzi walipobisha hodi, uma sita zilikuwa zimepangwa safi mezani, na Papa aliwafungulia mlango fufu ikiwa bado vidoleni.

Kadi hakuipata. Alinung'unika siku nzima, kisha akanawa mikono, akasogeza kiti chake karibu na cha Mama.