Maziwa Safi ya Mama Ouma

Ugonjwa wa mtoto wangu Hawi ulinigharimu shilingi elfu thelathini na moja. Nimehesabu mara mbili. Kopo la maziwa nililokataa kununua mwanzoni lilikuwa elfu tatu na mia tano.

Mimi nauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kombewa. Nilijulikana kwa mambo mawili: sipunguzi bei, na lazima nipunguziwe.

Hawi alipofika miezi sita nilirudi sokoni, nikamwachia shangazi yake maziwa ya ng'ombe. Siku hiyo hiyo alipoyanywa mashavu yalimtoka madoadoa mekundu, akatapika mpaka puani. Baadaye choo kikawa na kamasi na nyuzi za damu. Alilia amekunja miguu tumboni.

Daktari akasema, "Mwili wake unakataa maziwa ya ng'ombe. Usimpe tena. Endelea kumnyonyesha, na wewe pia uache maziwa. Ukiwa kazini apewe haya." Akaandika maziwa maalum ya kopo.

Kwenye duka la dawa niliuliza bei. Nikauliza tena, labda nilisikia vibaya.

"Bei ya mwisho?"

"Mama, hii si omena."

Nikatoka nikifikiri. Daktari amesema ng'ombe, mbuzi hakumtaja. Nilijiona wakili.

Mama Ouma, mjane, huuza maziwa ya mbuzi karibu na meza yangu. "Ni ya mtoto?" akauliza. "Basi lete chupa." Akaijaza, akaongeza mpaka ikamwagika, na mimi hata sijaomba.

Hawi alikunywa kidogo tu. Midomo ikavimba, kifua kikalia kama filimbi. Nilimbeba kwa bodaboda mpaka hospitalini nikimwita jina njia nzima. Akadungwa sindano pajani, akawekewa oksijeni, tukalazwa.

Alipoanza kupumua vizuri, nilimwachia shangazi yake, nikakimbia sokoni. Sisi wa biashara tunajua: maziwa huchanganywa, omena hutiwa mchanga. Sikuuliza mtu.

"Mama Ouma, umemchanganyia mtoto wangu ya ng'ombe!"

"Mama Hawi, mimi hata ng'ombe sina."

"Basi ulikopa!"

Watu wakacheka. Kisha wakaanza kuchungulia chupa zao. Mmoja akamwaga yake chini, mbele ya Mama Ouma.  Mama Ouma alifunika ndoo yake kwa leso.

Niliporudi wodini, daktari aliniuliza nilimpa mtoto nini. Nikamwambia, nikadai muuzaji alichanganya, na nikaongeza kwamba yeye ya mbuzi hakuyakataza. Akavuta kiti, akaketi.

"Maziwa ya mbuzi yanafanana sana na ya ng'ombe. Mwili wa mtoto wako hautofautishi. Hakuna mtu aliyechanganya kitu, mama. Hata yakiwa safi kabisa yanamdhuru."

Nilitamani sakafu inimeze.

Nilinunua makopo bila kubishana. Chai yangu ni ya rangi mpaka leo. Damu ilikwisha chooni, ngozi ikatulia, na sasa Hawi anasimama akishika meza na kula ugali kwa samaki. Namshukuru Mungu, na wauguzi waliovumilia mdomo wangu.

Mama mwenzangu, mwili wa mtoto ukikataa maziwa ya ng'ombe usimjaribie ya mbuzi. Hata maziwa ya soya ya dukani usimpe kabla daktari hajakubali. Muulize kila kitu, hata akikucheka.

Nilienda kwa Mama Ouma kuomba msamaha. Alinipa kiti, akanimiminia chai ya rangi. "Ningekuwekea maziwa," akasema, "lakini si unajua yangu yana ng'ombe." 

Kesho yake nilisimama sokoni nikatangaza kwamba nilimsingizia, kwamba maziwa yake ni safi. Nilinunua chupa nzima kwa bei aliyotaja. Watu wakatazamana.

"Mama Hawi amenunua bila kupunguziwa?" mmoja akasema. "Hapo kuna kitu. Amehongwa."

Mama Ouma bado anarudi nyumbani na ndoo imejaa. Nyinyi mnaosoma haya, nishaurini: mtu ambaye hata ukweli wake haununuliwi, atamrudishia mwenzake wateja kwa njia gani?