Paa la Mtu Asiyeondoka

Miaka yote waliyoishi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Lucien hakutaka kusikia habari za bati. Nyumba yao ya matofali mabichi iliezekwa nyasi, na juu ya nyasi lilitandikwa turubai kuukuu lililobanwa kwa mawe. Kila mvua zilipokaribia, mkewe Véronique, mshona nguo kutoka Uvira, alimwambia turubai limechoka, waezeke bati.

"Tuweke manjanja, Lucien. Bantu bote hapa banaweka manjanja."

"Tutaachia nani?" Lucien alimjibu akicheka. "Dosye yetu ya kuhamishwa iko inatembea. Mwaka huu njo tunaenda Kanada. Mi siwezi kujenga nyumba ya kuacha."

Alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu wa matumaini, na Véronique alimpenda kwa matumaini hayo hata yalipomchosha.

Desemba ile Lucien alikuwa kitandani, homa ya mapafu ikianza kumwachia. Alasiri mbingu iligeuka rangi ya kijani, upepo ukanyamaza, kisha mvua ya mawe ikaanguka, mawe makubwa kama ndimu. Turubai lilichanika kama karatasi. Nyasi zilizooza chini yake zikadidimia, na barafu pamoja na maji vikammwagikia mgonjwa. Véronique alimlalia juu kumkinga. Mgongo wake ulipigwa hadi ukavimba, lakini maji yalipita pembeni yake, yakalowesha godoro na blanketi zote.

Walimkimbiza zahanati kwa kabaza, Véronique akimshikilia nyuma ya baiskeli asianguke. Kutoka zahanati gari la wagonjwa lilimpeleka Lilongwe. Madaktari walimpigania siku kadhaa, mapafu yakakataa, akafariki. Mwili wake ulirudishwa Dzaleka, akazikwa huko, kwaya yake mwenyewe ikiimba na kukatika sauti katikati ya wimbo.

Matanga yalipokwisha, Véronique alisema neno moja tu: paa. Kanisa lilichanga, naye akauza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Akaondoka na wifi yake Béatrice hadi Nsungwi, Lilongwe, kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Muuzaji, Mmalawi aliyejifunza Kiswahili kwa wateja, alimtolea bati linalong'aa. Véronique alilibonyeza kwa kidole gumba, likaingia ndani.

"Mvua ya mawe ikipiga hii?"

"Itabonyea, mama. Na penye misumari itatoboka." Muuzaji akaonyesha rundo la nyuma, mabati mazito yaliyofifia. "Kwa mawe, chukua hizi. Na fundi aweke mbao karibu karibu, paa liwe na mteremko mkali, mawe yateleze."

Béatrice alimvuta kando. "Mama Vero, ile ni paa ya bantu ba kukaa. Kama kesho banakuita Kanada?"

"Kaka yako iko mu udongo wa Dzaleka," Véronique alisema. "Mi naenda wapi?"

 Béatrice alijifunika uso kwa kitenge, akalia pale pale dukani, watu wakimpita na ndoo za rangi na mifuko ya saruji. Véronique yeye hakulia. Alimgeukia muuzaji, akamwambia apakie yale mazito.

Fundi Gakiza aliezeka alivyoagizwa. Alipomaliza alipanda juu, akatembea kutoka ncha hii hadi ile, na bati halikuyumba.

Februari mawe yalirudi. Jirani yake, bibi Kankindi, alikuja mbio na wajukuu wake, sufuria kichwani, paa lao likivuja, wakajibanza ndani. Kelele zilikuwa kubwa mno, mtu hakuweza kumsikia aliye ubavuni mwake. Hakuna tone lililopita. Véronique alikaa ukingoni mwa kitanda, akatazama juu, upande aliokuwa akilaza kichwa mumewe. Hapo ndipo kilio kilipomtoka, kwa sauti yote aliyokuwa ameizuia tangu mazishi. Alilia akiita jina la Lucien, na bati lilivuma hata asisikike. Kankindi peke yake ndiye aliyeona mdomo wake ukitaja jina hilo. Akasogea, akamshika mkono.

Mawe yalipokoma, Véronique alinawa uso, akafagia barafu mlangoni. Kisha akachukua kamba, akaenda kwa Kankindi kumsaidia kuanika blanketi zilizolowa.