Maji ya Wafadhili wa Matambarale

Siku bomba la wafadhili lilipotoa maji pale Matambarale, Biasha ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote. Msimcheke. Ninyi hamjabeba ndoo kutoka bondeni tangu utotoni. Alijimwagia maji kichwani akiwa na kanga yake, akalia kama mtoto.

Sasa, Biasha ni mfinyanzi, na kwao mfinyanzi hamwachi mgeni aliyeleta maji aondoke mikono mitupu. Alimpa mkuu wa msafara, mama mmoja wa kizungu, mtungi wake mzuri kuliko yote, mweusi unaong'aa. Yule mama akaupitishia kidole, kidole kikabaki cheusi. Akauliza kitu, na Huzaifa, mkalimani, akatafsiri: "Bibi, mnausugulia nini?"

"Udongo tu, mjukuu wangu. Uko shambani kwangu, chini ya mikorosho aliyoniachia marehemu mama."

Yarabi, ulimi huu! Akawapeleka mwenyewe, anatangulia kwa madaha. Wakajaza udongo kwenye mfuko. 

Mvua zilipokwisha wakaja wengine, bendera ileile ya wafadhili mlangoni mwa gari, ila hawa hawakuuliza habari za maji. Walikuja na mashine ya kutoboa ardhi. Kila Biasha akienda shambani alikuta vigingi vyekundu vimesogea karibu zaidi na kaburi la mama yake. Aling'oa kimoja, akakitupa kichakani. Kesho yake kilikuwa kimerudi palepale. Ikafika mahali akisikia gari tu anatoka mbio kwenda shambani.

Akambana Huzaifa. "Niambie kweli. Maji yale walitupa kwa huruma, au walikuwa na lao?"

"Huruma ilikuwepo, bibi. Yule mama alilia kweli alipoona foleni ya ndoo zenu. Lakini serikali yao haitoi hela kwa machozi ya mtu. Kwao wanatengeneza betri za magari, na udongo wako ni kinywe, madini meusi yanayoingia kwenye betri hizo, ndiyo wanayoyataka. Tena wanayataka mahali ambapo watu wataona aibu kuwakatalia."

"Basi mimi sina aibu," Biasha akasema.

Mkutano wa kijiji ukaitwa. Mwenyekiti Mbaruku akasimama. "Ndugu zangu, mkono mtupu haulambwi. Wenzetu walianza wao. Leo wanaomba shamba la bibi Biasha, na fidia ipo. Tuwe punda, asante yetu iwe mateke? Na pampu ikiharibika, nani atakuja kuitengeneza?"

"Na kaburi la mama yangu?" Biasha akapaza sauti. "Nalo mtalitia bei?"

Wanawake aliopanda nao kilima na ndoo miaka yote wakainamisha vichwa.

"Wanaokubali, mikono juu."

Mikono ikapanda, mmoja, halafu mingi. Biasha akageuka kumtafuta bintiye Yasmini, aliyekaa nyuma na mimba yake kubwa. Mimba ya kwanza ilimtoka njiani, akipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, na Biasha ndiye aliyeizika. Yasmini alikuwa akilia. Mkono wake ulikuwa juu.

"Nisamehe, mama," akasema. "Bondeni sirudi."