Bateri Chini ya Kitambaa cha Sebuleni

Siku yangu ya kwanza katika atelie, karakana ya friji pale Kamembe, bosi wetu, Shefu, aliniuliza friji inafanya kazi gani. Nikajibu kwa kujiamini kwamba inatengeneza baridi. Akaruka utadhani nimemtukania mama yake. "Hapana! Baridi haitengenezwe, weye muntu! Friji inabeba joto ya ndani, inaitupa inje. Gusa kule nyuma." Nikagusa mabomba ya nyuma, yalikuwa ya moto! Nilishtuka, na kazi hii haikuacha kunishtua mpaka nilipoistaafu.

Tulianza na friji za mafuta ya taa, zile za misheni huko Mibirizi. Baadaye zikaja za kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Kisha ikaja onduleri, kisanduku kinachogeuza umeme wa bateri ya gari uwe kama ule wa ukutani. Shefu hakuipenda hata kidogo. "Bateri ya gari inajua kupiga teke moja, motere iwake, basi. Weye unataka ilishe friji usiku muzima? Itakufa." Lakini umeme ulikuwa unakatika kila mara na watu walitaka friji zao, kwa hiyo tuliwafungia.

Maman Furaha, mchuuzi wa pale mpakani Rusizi ya Kwanza, alituita tumfungie onduleri kwa sababu wakwe walikuwa wanakuja kutoka Bukavu kumposa binti yake. Friji yake ilikaa sebuleni, mahali pa heshima, na kitambaa cha krosheti juu yake. Bateri niliifunga barazani, kwenye upepo. Nikamweleza vizuri kwamba ikichajiwa inatoa gesi inayoshika moto, asiifungie mahali.

Asubuhi ya wageni nikapita kukagua. Barazani hakuna bateri. Nikaingia ndani, nikapokewa na harufu ya yai viza. Wallahi, hiyo ni harufu ya bateri iliyochajiwa kupita kiasi.

"Maman, bateri iko wapi?"

"Niliiweka mu sanduku." Alionyesha sanduku la mbao kando ya friji, nalo limefunikwa kitambaa cheupe cha krosheti. "Kitu kichafu vile, bakwe bakione ku baraza? Batasema tuko garaji!"

Kumbe umeme ulirudi alfajiri, akaichaji humo humo, kifuniko kimefungwa!

"Usiguse!" nikapiga kelele. "Fungua madirisha!"

Akaona namgombeza nyumbani kwake, siku ya posa. "Usinifokee, minaitosha mu sanduku!" Akafunua sanduku, akang'oa kibanio cha waya. Cheche moja tu.

Paa! Mungu wangu! Bateri ilipasuka na asidi ikamrukia usoni. "Macho yangu! Macho yangu!" Nilimkokota uani, nikamwinamisha, nikammiminia maji ya madumu, bidoni baada ya bidoni. Binti yake aliyaleta mbio akilia, kitenge kipya cha posa kimelowa chote. Niliwaza jambo moja tu: mama huyu atamuona mwanawe akiolewa, au atasikia vigelegele tu?

Tulimwaga maji mpaka mgongo ukaniuma. Mwishowe akafungua jicho moja, jekundu kama pilipili, kisha la pili. Akamtazama binti yake.

"Ninakuona," akasema. Nilitaka kulia.

Nikamwambia twende hospitali sasa hivi. Akanishika shati. "Hospitali itaningoja. Bakwe habatangoja. Friji iko na baridi?"

Jamani! Nikachomeka friji ukutani kwa sababu sikujua la kufanya, na wageni walikuwa wameshafika mlangoni. Aliwapokea kwa soda baridi, machozi yanamchuruzika. Wakwe wakaguswa sana. Mzee mmoja wao akasema, "Ona Maman anavyopenda mutoto wake, macho yamevimba kwa kulia." Mimi nilisimama kando ya friji, nimelowa chapachapa, nikafungua soda nyingine. Jioni ndipo alipokubali kupelekwa kwa daktari, na macho yakapona.

Nimestaafu sasa. Vijana wananijia kuuliza kama kweli friji ya nyumbani inaweza kuendeshwa na bateri ya gari. Nawaambia inaweza. Atakayewashinda ni mwenye sebule.