Binti wa Foleni ya Maji

Katika kibanda chake cha kompyuta huko Dese, Ethiopia, mzee Werkneh, ambaye mtaa mzima humwita Gashe kwa heshima, amewaona wengi wakiomba vyuo vikuu vya Marekani, ila hajamwona mwingine kama yule binti anayesimamia foleni ya maji mtaani. Vidole vyake vina sugu za kubeba madumu, na hugusa herufi polepole kama anayechambua dengu. Alama zake za mtihani ni za wastani, naye amezijaza kwenye fomu ya maombi bila kuzificha. Zilibaki dakika ishirini fomu ifungwe, na swali la anachofanya nje ya masomo lilikuwa bado tupu, maji yalipotoka bombani na kelele zikapanda.

"Kaa, mwanangu. Foleni itajipanga yenyewe."

"Haijawahi, Gashe."

Akatoka. Dirishani, Gashe alimwona akipita kati ya madumu, akinyoosha kidole tu: kwanza la bibi kipofu, kisha la aliyejifungua juzi. Mgomvi wa mtaa akarudisha lake nyuma. "Sawa, mheshimiwa jaji," akanung'unika, watu wakacheka. Binti alirudi ameloa, akaandika: "Maji yakija, nahakikisha kila nyumba inapata." Akageuka. "Gashe, hii nayo ni kazi?" Binti alipobonyeza kutuma, mzee alijikuta amesimama, kama watu wanavyomwinukia mkubwa anapoingia.