Pasi na Meseji ya Kushuka

Ofisini walishalisahau jina lake la kuzaliwa. Walimwita Pasi, naye aliitika bila kinyongo, maana pasi hunyoosha, na kunyoosha ndiyo furaha yake tangu utotoni. Nyumbani kwake hata vijiko hulala upande mmoja. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, humtania kwamba akirudi safari anaogopa kusinzia kitini, asije akakunjwa na kuwekwa kabatini.

Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, katika chumba kimoja kirefu juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Programu kubwa ya ofisi ni ya magari ya shule: mtoto akipanda, mzazi anapata meseji, akishuka, anapata nyingine. Ni jambo dogo, lakini waulize wenye watoto. Na hapo ofisini kuna sheria moja ambayo haina mjomba wala shangazi: hakuna msimbo, yaani yale maagizo wanayoiandikia kompyuta, unaoingia kazini mpaka mtu wa pili ausome na kuupitisha. Mtu wa pili ndiye Pasi. Husoma kila mstari kama mama mkwe anayekagua jiko, na kilichopinda hukirudisha.

Tusimwonee. Katika kazi yake ya kwanza walipachika kiraka juu ya kiraka, hadi ikawa ukigusa hapa panavunjika kule, na wenzake wazuri wakaondoka mmoja mmoja kwa kuchoka. Tangu hapo methali yake ni moja, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ameisema mpaka akianza tu wenzake wanaimalizia.

Aliyemtoa jasho zaidi ni Kiraka, mwanamume mnene, mcheshi, ambaye kabla ya kompyuta alikuwa fundi wa simu. Kiraka akikutana na tatizo hulifunga kwa chochote kilicho karibu, na ajabu ni kwamba linafungika. Ila ndani ya kazi yake usiingie bila kamba ya kukurudisha. Kitu kimoja anakiita “jaribu”, cha pili “jaribu mpya”, cha tatu “jaribu mpya kabisa”, na mwenyewe baada ya wiki hajui kipi ni kipi.

Basi programu ikazukiwa na ugonjwa. Saa za mchana, shule zote zinapotoka kwa pamoja, mtandao wa simu ulikuwa unazidiwa. Programu ilijaribu kutuma meseji mara moja tu. Ikikataliwa, inaiweka pembeni na kuisahau. Mtoto ameshuka salama, mzazi hajui. Kiraka akaandika dawa asubuhi moja: programu ijaribu tena na tena mpaka meseji ifike, hata zile zilizokwishawekwa pembeni. Ilifanya kazi. Pasi aliijaribu mwenyewe akaona inafanya kazi, isipokuwa mara nyingine meseji moja ilifika mara tatu. Tena maneno yale yale yalikuwa yamenakiliwa sehemu tatu, ya kupanda, ya kushuka na ya mtoto asiyekuja, hivi kwamba ukirekebisha moja ukasahau nyingine, umeshaumia. Akairudisha. Kiraka akapunguza hapa, akaongeza pale, akaileta. Akairudisha tena. Kiraka akanung'unika kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Pasi akamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Wiki zikapita wakirushiana methali, na dawa imelala mezani kwa Pasi.

Wiki hizo zote simu za wazazi zilikuwa zinamwangukia dada wa mapokezi. Kila alasiri alikuwa akirudia sentensi ile ile, samahani mama, tunalishughulikia, mpaka Pasi akamwomba ahamishie meza yake upande wa pili wa chumba, maana kelele zilimzuia kusoma. Dada akahama. Ila kiti alikiburuta badala ya kukibeba.

Kisha ikaja alasiri ya mwana wa Pasi mwenyewe. Ana mtoto mmoja, wa darasa la kwanza, ambaye hushuka njia panda na bibi yake humpokea. Siku hiyo muda wa meseji ukafika, ukapita. Pasi akageuza simu kifudifudi, akaigeuza tena. Akampigia mama yake, ndiye huyo bibi, simu imezimwa. Huyo mama huiacha simu bila chaji hadi mtu amkumbushe. Akampigia dereva wa gari la shule, hapokei. Akainuka kwenda dirishani, akarudi, akaketi, akainuka. Akajiambia ni mtandao tu. Akajiambia tena, na mara hii hakujiamini.

Akafungua kompyuta atazame meseji zilizokwama. Zilikuwa rundo. Majina ya watoto yamefichwa pamoja na simu za wazazi, zimebaki namba za siri tupu, hata wao watengenezaji hawaruhusiwi kuyaona, na aliyeipigania kanuni hiyo alikuwa yeye. Kwa hiyo hakuweza kujua kama meseji yake imo kwenye lile rundo au haimo. Ikiwa imo, mtoto kashuka. Ikiwa haimo, mtoto yuko wapi? Katika mji mzima palikuwa na wazazi wengi wanaohangaika saa ile, lakini ni mmoja tu aliyejua dawa iko wapi.

Akaifungua kazi ya Kiraka. “Jaribu mpya kabisa” ilikuwa bado imo, imepinda vile vile. Hakusoma hata mstari mmoja. Akaipitisha.

Akakaa ameikodolea simu macho. Chai iliyokuwa mbele yake ilipoa na kufanya utando. Halafu simu ikalia: mtoto wako ameshuka salama. Ikalia tena: mtoto wako ameshuka salama. Na mara ya tatu. Pasi akafunika uso kwa viganja akalia, wala hakujali nani anamwona.

Kiraka alishaona kazi yake imepita. Akaja na kiti chake, akaketi, akangoja amalize.

“Dada, imenyooka sasa?” akauliza, kwa upole.

“Haijanyooka. Ni mbovu kama ilivyokuwa jana.”

“Sasa mbona umeipitisha?”

Angeweza kusema mengi, na mengine yangekuwa ya kweli: kwamba hatari ilikuwa ndogo, kwamba wataisafisha kesho. “Kwa sababu ya mwanangu,” akasema.

Kiraka akatazama sakafu. Aliyesema ni dada wa mapokezi, kutoka ule upande alikohamishiwa, wala hakupandisha sauti.

“Na wale wengine walikuwa wana wa nani?”

Simu ya mapokezi ikaita, na kabla dada hajaipokea Pasi alikuwa ameshafika mezani kwake, amenyoosha mkono kuiomba. Ilikuwa sauti ya mwanamume. Hakuwa na hasira, alitaka kuelewa tu: wiki nzima hapati kitu, anatoka kazini kukimbilia njiani kumtafuta binti yake, na leo zimemiminika zote kwa mpigo. Dawa ya tatizo hili imepatikana leo?

“Hapana, baba,” Pasi akasema. “Ilikuwepo siku zote. Ilikuwa mezani kwangu.”